Sheria Inaangalia Sura, Mvua Inaangalia Mti

(Maneno ya seremala mmoja mbele ya wenye nyumba, wapangaji, mafundi na masheha wa Mji Mkongwe, Unguja, wiki chache kabla ya masika. Yameandikwa kama yalivyosemwa, kwa kupunguzwa hapa na pale.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, wazee wangu, mabwana na mabibi, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema, hamjambo? Nimeambiwa nina nusu saa. Mimi si msemaji, ni seremala, kwa hiyo nimekuja na vitu, nikikwama maneno vitu viseme.

Mezani hapa pana vipande vitatu. Hiki cha kwanza ni bawa la dirisha la luva, yaani la vibao vyembamba vilivyolala mshazari, mvule mtupu, nimelitoa mwenyewe kwenye nyumba moja Sokomuhogo. Rangi imebabuka, luva mbili zimekatika, bawaba imeliwa na kutu. Cha pili ni kipande cha fremu ya alumini, dhiraa moja hivi, kimetoka Shangani upande wa baharini. Cha tatu, hiki cha kahawia kinachong'aa, kiacheni kwanza. Hicho ndicho kilichonileta hapa.

Watu wakiutaja Mji Mkongwe wanataja milango. Mlango una nakshi, una njumu za shaba, mgeni anasimama kuupiga picha. Mlango ukiguswa, mtaa mzima unajua kabla ya adhuhuri. Dirisha halina bahati hiyo. Linaondoka moja mwaka huu, moja mwakani, na siku unapoinua macho unakuta njia nzima imekuwa vioo na hakuna anayekumbuka ilianza lini.

Na dirisha ndilo lenye kazi nyingi. Hebu tazameni hii luva inavyolala, moja juu ya nyingine kama magamba ya samaki. Mvua ikija na kusi inateleza nje. Jua linabaki nje. Upepo unaingia. Na bibi aliyekaa ndani anaiona njia yote, nani kapita, kabeba nini, kaongozana na nani (kicheko), na aliye njiani haoni hata kivuli. Zote hizo bawa likiwa limefungwa, wala hakuna uniti ya umeme iliyotumika.

Sasa lete alumini ya kusukuma. Hata ukiifungua yote umefungua nusu, maana kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya mwenzake. Mvua ikinyesha unafunga, na ukifunga umefunga na hewa. Ukitaka sitara unatia pazia, na pazia nalo linakula ule upepo kidogo uliobaki. Bibi mmoja wa Kiponda, mpangaji, aliniambia: "Mwanangu, tangu wanitilie vioo nimenunua feni mbili, na usiku bado nalowesha khanga nijifunike."

Msinielewe vibaya. Alumini si mali ya shetani. Kwenye maghorofa ya Michenzani wekeni mpaka mchoke. Kuta zile ni za zege, matundu yake yana pembe, na wala sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kuta zetu hizi.

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake ni boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo unakunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa jua likiwaka. Halafu tundu la dirisha halina mraba. Chukua tepu upime kutoka kona hii mpaka ile, kisha upime zile nyingine mbili, mara nyingi utapata tofauti ya vidole viwili au vitatu. Seremala hulifuata tundu: fremu naichonga kwa jinsi ukuta ulivyokaa. Fremu ya alumini imekatwa kwa mashine, ni mraba na itabaki mraba, kwa hiyo tundu ndilo linalotakiwa kuifuata fremu. Hapo ndipo tindo na nyundo vinapotoka kwenye mfuko.

Nimesimama chini ya dirisha moja nikatazama kazi hiyo kwa macho yangu. Juu ya tundu kulikuwa na miti mitatu imelala, ndiyo linta ya wazee wetu, na juu yake ukuta wa ghorofa nzima. Mti wa mbele ulichomoza kidogo. Kijana akaona unamzuia, akaukata ncha. Hakukata kwa ubaya, maskini, hakuna aliyemwambia ule mti umebeba nini. Kisha pengo likajazwa saruji. Saruji ile haipumui kama chokaa. Maji yakishaingia nyuma yake hayana pa kutokea, chokaa ya ndani inalainika, chumvi inatoka kwa nje kama unga, na plasta inavimba kama chapati iliyopata moto. Ufa wa nyumba ile ulianzia kona ya dirisha ukapanda mpaka kwenye boriti, na sasa unaingia kidole.

Kila nikisema haya kuna mtu hunitajia Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Jengo lile la mwaka 1883 liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, wakafa watu wawili, Mungu awarehemu. Sisemi liliangushwa na dirisha. Mimi si mhandisi, na pasipo kazi yangu sitii mdomo. Lakini siku ile tulilia wote, na wengi tuliolia ndio hao hao tunaotoboa kuta za nyumba zetu kila mwisho wa wiki.

Nimesema mwisho wa wiki kwa makusudi. Sikilizeni jinsi dirisha linavyoingia mjini. Mwenye nyumba yuko Muscat. Mpangaji analalamika bawa limeanguka. Mwenye nyumba anamtumia ujumbe mpwa wake, mpwa anapiga picha tundu, fundi anatoa makadirio kwa simu, pesa zinatumwa. Kazi inaanza Ijumaa baada ya sala. Kwa nini Ijumaa? Kwa sababu Jumamosi na Jumapili ofisi zimefungwa. Jumatatu mkaguzi akipita anakuta dirisha limesimama, plasta imekauka, na lile la zamani limeshakwenda kwa mnunuzi wa vitu vya kale. Afanye nini? Anaandika barua. Barua anapokea mpangaji, ambaye hakuchagua dirisha, hakulilipia, na huenda hata hakulitaka. Na mtu mmoja aliwahi kuniambia bila haya, akinywa kahawa yangu: "Fundi, faini nimeshaitia kwenye bajeti."

Haya. Sasa tufike kwenye kipande cha tatu.

Nyumba kilikotoka ilifuata sheria. Mwenyewe aliomba kibali, alichora, akahesabu luva, akachagua rangi iliyoruhusiwa. Mkaguzi alikuja na picha ya zamani akailinganisha na dirisha jipya, upana sawa, luva sawa, nondo sawa. Akatia saini, na mimi ningekuwa yeye ningetia. Zikapita masika mbili. Sheha, tafadhali, njoo hapa mbele. Chukua huu msumari, bonyeza kwa kidole gumba tu, usitumie nyundo.

(Msumari ukazama mpaka nusu. Watu wakaguna.)

Hiyo ni paina. Ni mbao ya kenchi, nyeupe yote, haina kiini, ule mti mgumu wa ndani, imepakwa rangi ya kahawia ionekane mvule. Tazama na viungo: skrubu na gundi. Hakuna ulimi uliochongwa kwenye ncha ya mbao, hakuna tundu la kuupokea, hakuna kipini cha mti. Unga wa mbao umechanganywa na gundi ukaziba aibu, msasa ukapita, vanishi ikapita. Kwenye picha ni dirisha la Mji Mkongwe. Sheria iliangalia sura, mvua ikaangalia mti.

Kwangu mimi hili ni baya kuliko alumini. Alumini angalau unaiona ukiwa njiani, unajua hapa pamevunjwa sheria. Hili limevaa kanzu na kofia, limeingia msikitini, na mfukoni lina chupa. (Kicheko.) Tena linamharibia jina seremala. Mwenye nyumba aliyetoa pesa zake kwa dirisha la mbao likaoza kwa masika mbili, mara ya tatu atakwambia mbao ndizo mbovu, niletee alumini. Nani atamlaumu?

Msinipigie makofi, na mimi nina langu. Nilipokuwa kijana chini ya mjomba, nilitengeneza madirisha manne ya mvule, mvule wa kweli, viungo safi, ulimi umekaa kwenye tundu kama jino. Ila mbao zilikuwa mbichi. Mteja alikuwa na haraka, nami nilikuwa na haraka zaidi maana nilikuwa nataka kuoa. Kaskazi ilipoanza kuvuma, mbao zikanywea. Luva zikaanza kutoka moja moja, zinaangukia njiani kwenye vichwa vya watu. Mjomba hakunigombeza. Aliniletea hesabu ya mbao mpya akasema zitakatwa kwenye mshahara wangu, na harusi ikasogea mpaka mfungo mosi. Tangu siku hiyo mbao ikifika bandani kwangu inapangwa kwenye fito, hewa ipite kati, na haiguswi na randa mpaka niseme mimi.

Kwa hiyo nasema hivi: dirisha ni bidhaa. Ni sura ya jengo, ndiyo, lakini kabla halijawa sura lilikuwa kitu kilichonunuliwa na kutengenezwa na mtu, kwa mti fulani, na kwa haraka fulani. Sheria zetu za jengo si haba. Tuna sheria ya uhifadhi ya mwaka 1994 na mpango wake, ikaja ya mwaka 2010, na tangu mwaka 2000 mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Upande wa bidhaa tuna Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Wa uhifadhi wanaangalia ukuta, wa viwango wanaangalia mali inayotoka kiwandani na bandarini. Dirisha langu limetengenezwa kwenye banda uani. Bandarini halikupita, na ukutani bado halijafika. Hapo katikati ndipo paina inapovaa kanzu.

Wenzetu wa Ulaya walikutana na swali hili hili wakalijibu kwa namna inayonifurahisha. Kanuni yao ya bidhaa za ujenzi, namba 305 ya mwaka 2011, inamtaka mwenye kiwanda cha madirisha atangaze dirisha lake linazuia vipi maji, upepo na baridi, kisha abandike alama ya CE, ya kuonyesha bidhaa imefuata masharti yao. Sasa fikiria seremala kama mimi, natengeneza madirisha mawili ya kanisa la zamani, nitayapeleka maabara gani? Waliliona hilo. Kifungu cha 5 kinaruhusu bidhaa iliyotengenezwa kwa njia ya jadi, si ya kiwanda, kwa ajili ya kukarabati jengo linalolindwa rasmi, isitolewe tangazo hilo, ilimradi hakuna sheria nyingine inayolitaka. Kanuni mpya ilipitishwa mwaka 2024, lakini swali lenyewe halijazeeka. Na angalieni: walichomwondolea fundi ni karatasi ya kiwanda, yule anayelinda jengo bado yuko palepale. Uingereza, kwa sheria yao ya mwaka 1990, kubadilisha sura ya jengo linalolindwa bila kibali ni jinai, na amri ya kurudisha ilivyokuwa haina muda wa kuisha. Ukiinunua nyumba leo, umeinunua pamoja na dirisha lake haramu, hata kama aliyelitia ameshauza na kuhama. Hilo la mwisho ningependa sana mtu wa Muscat alisikie.

Ninachoomba ni kidogo, na kwa kiasi kikubwa hakihitaji sheria mpya.

Kwanza kibali kisiandike "dirisha la mbao". La mbao ni neno pana, hata kreti ya soda ni ya mbao. Kiandike mti: mvule, msaji au mkongo, tena kiini. Kiandike kiungo: ulimi na tundu. Kiandike bawaba na skrubu za kitu gani, maana chumvi ya hapa haina huruma. Tazameni hii fremu ya Shangani, skrubu za chuma zimegusana na alumini, na pande zote za kila skrubu alumini imekuwa unga mweupe. Nilikuwa naambiwa alumini hailiki.

Halafu ukaguzi uanzie kwenye meza ya seremala, kabla ya rangi. Rangi inaficha kila kitu, sisi mafundi tunajua na tumeitumia. Mkaguzi aje bandani dirisha likiwa uchi, na kisu kidogo na msumari. Anakwaruza, anabonyeza, anatazama kiungo, dakika kumi kamaliza. Na fundi achonge alama yake upande wa ndani wa fremu, panapofunikwa na bawa, ili likioza ijulikane ni la nani. Wengine mnanikunjia uso. Mimi yangu nimeshaanza kuchonga, na wateja wamezidi, hawakupungua.

Safari ya pili mkaguzi aje fremu ikiwa tunduni na pengo halijajazwa. Akikuta mfuko wa saruji chini, kazi isimame hapo hapo, wakati bado kusimama ni rahisi. Kuvunja dirisha lililokwisha kuna gharama, kuna kilio, kuna simu kutoka kwa mkubwa. Mfuko wa saruji unarudishwa dukani.

Na lile la zamani lisiondoke ndani ya nyumba mpaka mtu alitazame. Angalieni tena hili bawa la Sokomuhogo. Mnaliona bovu. Mti wa chini ndio ulioza, maji hukaa hapo, pamoja na luva mbili. Juu yote ni nzima, mvule ambao siku hizi kuupata ni kazi. Nakata mti wa chini, naunga mpya, natia luva mbili na bawaba, siku tatu limerudi ukutani. Madirisha mengi ninayoitwa kuyabadilisha yalihitaji kutengenezwa tu. Mwenye nyumba hakuambiwa, kwa sababu aliyekuja kukadiria anauza madirisha mapya.

Lakini niwe mkweli na kwa upande wa ofisi. Kibali cha kubadilisha luva mbili kikipita njia ile ile ya kibali cha kuongeza ghorofa, mtu atachagua Ijumaa. Mvua haimsubiri. Matengenezo madogo ya kitu kwa kitu, mti kwa mti, yapewe ruhusa ndani ya siku mbili tatu, kwa sheha, kwa fomu moja. Na akae mkaguzi mmoja wa Jumamosi. Mmoja tu, na baskeli. Atafanya kazi kuliko barua arubaini za Jumatatu.

Barua zenyewe ziandikwe jina la mwenye mali. Mpangaji apewe nakala ajue, basi. Nyumba nyingi hapa ni za wakfu na za serikali, huko hakuna haja hata ya kumtafuta mwenyewe, anajulikana. Wakianza hao kuagiza madirisha kwa alama ya fundi na kwa kiini cha mti, mafundi tutafuata mkate ulipo. Sisi si wagumu.

Muda umekwisha naona. Kuna mkono kule nyuma. Sema, mwanangu, simama usikike.

(Kijana mmoja, fundi wa alumini, akauliza: "Mzee, shikamoo. Mimi nina mke na watoto wawili, kazi yangu ni hii. Mkifunga alumini Mji Mkongwe, sisi tule wapi?")

Marahaba. Hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja, na nilidhani hakuna atakayethubutu. Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, yote ni yako, na mji unakua huko. Lakini nikujibu na la hapa. Wewe unajua kupima, unajua kukata bila kupoteza, na mkono wako hautetemeki kwenye ngazi, nimekuona Kajificheni. Vijana wangu wawili wamehamia hoteli za pwani, bandani nimebaki na mmoja na magoti mabovu. Nina madirisha sita ya Hurumzi, yote yameoza mti wa chini, na masika inakuja. Jumatatu baada ya sala ya alfajiri nitakuwa nimefungua. Njoo na tepu yako na pima maji. Tindo iache nyumbani.